'Chini ya Hali Hizi': Hali Zipi?

Miongoni mwa virai vinavyozidi kuota mizizi katika insha za wanafunzi wetu hapa Bomet, na hata katika barua za shule kwa wazazi, ni 'chini ya hali hizi'. Asili yake haijifichi: ni 'under the circumstances' ya Kiingereza iliyovishwa kanzu ya Kiswahili.

Waingereza wenyewe walikwisha kubishania kirai hicho. Neno lao latokana na Kilatini, likiwa na maana ya mambo yanayosimama kumzunguka mtu. Baadhi yao wakadai kuwa mtu huwa ndani ya yanayomzunguka, wala si chini yake. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliiona hoja hiyo kuwa ya kitoto. Naafikiana naye, kwani mazoea ya wasemaji hushinda asili ya neno. Lakini mazoea hayo ni ya Kiingereza. Kiswahili kina yake.

Kwetu, 'chini ya' huandamana na mamlaka: chini ya sheria, chini ya ulinzi, chini ya uongozi wa mwalimu mkuu. Hali si mamlaka. Twajuliana hali, mgonjwa yu katika hali mbaya, hayuko chini yake. Tena 'hali' moja yatosha kubeba mambo mengi. Huo wingi wa 'hizi' umeletwa na Kiingereza.

Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi ni ya maana. Tuseme mvua imeharibu barabara ya Mogogosiek, na lori la majani chai halikufika kituoni. Majani yaliyochumwa hayangoji kesho. Mwanafunzi aandika: 'Chini ya hali hizi, wakulima walipata hasara.' Hali zipi? Mvua? Barabara? Au uzembe wa aliyepaswa kuitengeneza? Angeandika 'Kwa kuwa lori lilikwama', msomaji angekijua chanzo. Na akitaka kuyajumlisha yote, anayo 'kwa hali ilivyokuwa' na 'mambo yalipofikia hapo'.

Ndugu yake ni 'chini ya hali yoyote', anayependwa sana na waandishi wa kanuni: 'Chini ya hali yoyote, mwanafunzi asitoke nje.' Lugha yenye kamwe, katu na asilani yaazimia nini maneno manne?

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima. Lakini kwa watoto wengi wa huku, Kipsigis ndicho cha nyumbani na Kiingereza ndicho cha vitabu vingi. Si ajabu wakitafsiri. Hawasaidiki tukipiga mstari mwekundu na kuandika 'si sanifu' bila kutoa sababu. Mwalimu mwenzangu, andika pambizoni maneno mawili tu: 'Hali ipi?' Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo atakuwa amesahihisha sentensi yake, na fikira yake pia.