Manga ya Kijapani na Nyumba Bila Ardhi

Ukilitaja neno "manga" mbele ya mzee wa Mwambao, hatafikiri juu ya Japani hata kidogo. Atakumbuka Manga ya Uarabuni, majahazi ya Wamanga yaliyokuja na kaskazi, na pilipili manga iliyomo ndani ya pilau. Nami nilikuwa hivyo hivyo hadi siku mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliponijia baada ya kumaliza mtihani wa Kidato cha Nne. Tulipokwisha kuamkiana akaniambia, "Mjomba, nataka kuchora manga." Nilidhani amekusudia picha za Wamanga.

Kumbe alikusudia hadithi za picha za Kijapani. Neno hilo halina udugu na letu. Kwao huandikwa kwa herufi mbili zenye maana ya picha za mzaha, zilizochorwa bila kujizuia. Mchoraji Hokusai alilitumia kwa vitabu vyake vya michoro, ambavyo cha kwanza kilitoka mwaka 1814. Lakini manga ijulikanayo leo, ya visanduku na hadithi ndefu, ilipata sura yake baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na jina litajwalo mbele ya mengine ni la Osamu Tezuka, aliyesomea udaktari akaishia kuwa mchoraji. Vijana wetu huzisoma hadithi hizi katika simu zao usiku kucha. Nasi tusijifanye watakatifu: wengi wetu tulikuwa tukifungua Taifa Leo tukamtafuta kwanza Juha Kalulu wa Edward Gitau, ndipo tukarudi kwenye habari za siasa.

Najua wapo wasomaji watakaouliza juu ya hukumu ya kuchora viumbe wenye roho. Ni swali la haki, lakini ni la masheikh, na wao wenyewe wamekhitilafiana. Babake binti huyu alikwenda kuuliza kabla ya kumnunulia kibao cha kuchorea. Akarudi, akakinunua.

Zamani, na wala si zamani sana, ukurasa mmoja wa manga ulitaka karatasi nzito, kalamu za kuchovya, wino mweupe wa kufichia makosa, na zile karatasi za vidoto ambazo hukatwa kwa kisu na kubandikwa juu ya mchoro ili kutia kivuli cha nguo au giza la usiku. Mchoraji wa jarida la kila wiki hutoa kurasa zipatazo 19 kwa wiki, kwa hiyo huajiri wasaidizi: huyu achora majumba, yule ajaza weusi, mwingine abandika vidoto. Mwaka 2001 kampuni ya Celsys ya Tokyo ilitoa programu iitwayo ComicStudio, na mwaka 2012 ikatoa Clip Studio Paint, ambayo hivi leo hutumiwa na wachoraji wengi wa manga. Programu za namna hii zimewachukua wasaidizi wale zikawatia mfukoni mwa mtoto wa shule.

Jinsi zinavyofanya kazi si vigumu kufahamu. Mchoro hukaa katika matabaka, mfano wa vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Tabaka la chini lina penseli, aghalabu kwa rangi ya samawati, juu yake wino, kisha vidoto, kisha maneno. Ukikosea wino, penseli haiguswi. Visanduku hupatikana kwa kuukata ukurasa kwa mstari mmoja, na programu yenyewe huacha mwanya baina yao. Wino ukivuka mpaka wa kisanduku hauonekani. Na mkono ukitetemeka, kipo kirekebishi kinachounyoosha mstari. Nilijaribu mwenyewe, mimi ambaye tangu utoto sikuweza kuchora hata chungwa, nikachora tanga la ngalawa. Mke wangu alitazama kwa muda, akasema, "Hili ni tanga." Hiyo kwangu ni shahada tosha.

Jambo ambalo mwanafunzi hulipuuza akaja kujuta ni vipimo. Manga nyeusi na nyeupe itakayopelekwa kwa mchapaji huchorwa kwa nukta 600 katika kila inchi. Ya rangi, 350. Ukurasa wa kitaalamu wa Kijapani huchorwa juu ya karatasi ya B4, na yote yaliyo muhimu, yaani nyuso na maneno, hukaa ndani ya mstatili wa milimita 180 kwa 270, ili kisu cha mchapaji kisije kikakata kichwa cha mtu. Anayechora kwa kipimo cha kioo cha simu ataona uzuri simuni, na karatasini ataona ukungu.

Mpwa wangu alianza kwa programu moja nisiyoitaja, ambayo hulipiwa kila mwezi kwa kadi ya benki na kwa dola. Hadithi yake ni ya babu yake, aliyekuwa nahodha. Akachora kurasa 14. Mwezi wa nne kadi ya babake ikakataliwa. Kurasa zilifunguka, alikuwa akiziona, lakini hakuweza kuhifadhi hata mstari mmoja mpya. Na kwa kuwa alikuwa amezihifadhi katika aina ya faili isomwayo na programu ile peke yake, hakukuwa na nyingine ya kuzifungua pamoja na matabaka yake. Alikuja kwangu macho mekundu, akaniuliza, "Mjomba, kurasa hizi ni zangu au ni zao?"

Hapa Mombasa swali hilo halihitaji mkalimani. Tunaijua vyema habari ya nyumba bila ardhi: mtu ajenga kwa jasho lake, kuta zake, bati lake, mlango wake, kiwanja ni cha mwingine na kodi hailali. Nyumba ni yake kwa maneno, na siku mwenye ardhi akitaka, hubaki na matofali. Sikutarajia kuukuta mtindo huo ndani ya kompyuta, nao umo, na unaenea.

Tazama yaliyotokea kwa Clip Studio Paint yenyewe. Wengi waliipenda kwa sababu hununuliwa mara moja. Mwezi Agosti 2022 Celsys ikatangaza kwamba kuanzia toleo la 2.0, lililotoka Machi 2023, aliyekwisha kununua atabaki na programu yake ile ile, lakini mambo mapya yatataka malipo mengine. Wachoraji wakapiga kelele duniani kote, na kampuni ikalazimika kutoa maelezo na kulegeza baadhi ya masharti. Nisiidhulumu: kwenye kompyuta bado huweza kununuliwa moja kwa moja. Lakini kwenye iPad na simu ni kukodi tu, na vijana wetu wengi wana simu, hawana kompyuta. Kadhalika anayetaka kupanga kitabu cha kurasa nyingi hulazimika kuchukua daraja la EX, ambalo bei yake ni mara kadhaa ya lile la PRO.

Mwaka huo huo likaja la pili, ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi. Novemba 29, 2022 Celsys ilitangaza kwamba itatia ndani ya programu yake chombo cha kutengeneza picha: unaandika maneno, chombo kinachora, kwa kutumia Stable Diffusion. Chombo hicho kilifundishwa kwa picha nyingi mno zilizokusanywa kutoka intaneti, na waliozichora hawakuulizwa. Siku tatu baadaye, Desemba 2, kampuni ikaufuta mpango wenyewe, kwa kuwa wateja wake, ambao ndio wachoraji, waliukataa. Agosti 2024 wenye programu ya Procreate nao wakasema wazi kwamba hawatatia chombo cha namna hiyo katika yao.

Mimi si adui wa mashine. Inayobandika vidoto imemwondolea mtu adha, na hakuna aliyeibiwa. Lakini nilikiomba chombo kimoja cha akili ya kubuni kinichoree mtepe wa Lamu, chombo kile cha kale kilichoshonwa kwa kamba, chenye tanga la mkeka. Kikaniletea meli ya maharamia wa Kizungu. Nikaomba tena, nikaletewa meli nyingine, kubwa zaidi. Mashine haikusema uongo kwa makusudi. Huchota katika kisima ilichochimbiwa, na sisi hatumo kisimani. Kijana wa Lamu akiitegemea, hadithi ya babu yake itaabiri meli isiyokuwa yake.

Basi tulianza upya. Kwanza tulitazama MediBang Paint, ya Kijapani, ambayo hupatikana bila malipo hata kwenye simu ukivumilia matangazo, nayo ina visanduku na vidoto tayari. Kisha Krita, ambayo jina lake ni neno la Kiswidi lenye maana ya chaki. Hii hutunzwa na jumuiya ya watu wa nchi mbalimbali, na wakfu wake uko Uholanzi. Hupatikana bila malipo wala haikodishwi, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Kasoro inazo: sehemu yake ya kuandikia maneno imelalamikiwa kwa miaka mingi, na mwanafunzi hupotea kidogo siku za mwanzo. Binti aliichagua hiyo, kwa kompyuta kuukuu ya kakake. Kila jioni huhifadhi nakala mbili, moja ya programu yenyewe na moja ya aina isomwayo popote, na nakala huwekwa kwangu. Zile kurasa 14 alizichora tena. Anasema za sasa ni nzuri zaidi, ingawa nilimwona akiikazia macho ile ya saba ya zamani, ya bibi yake akisubiri pwani.

Tatizo lililofuata hakuna programu iliyotuambia. Wajapani huandika maneno ya manga kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo viputo vyao vya maneno ni virefu na vyembamba. Kiswahili chetu hakikai humo. Neno moja kama "hawatatufikishia" hutoboa kiputo huku na huku. Ukilikata vibaya, msomaji atasoma "hawa tatu" na kuanza kuwahesabu. Tuliona afadhali maneno yaandikwe kwanza, kiputo kichorwe baadaye kwa upana wa maneno. Wajapani nao wana desturi inayofanana na hiyo: hatua waiitayo neemu, yaani rasimu ya ukurasa yenye visanduku na maneno, huonyeshwa mhariri kabla ya mchoro wenyewe.

Lililotufurahisha ni milio. Manga imejaa milio iliyochorwa kwa herufi kubwa, na Wajapani wana hata mlio wa ukimya. Nasi tunao: kimya ji! Na mtu akianguka, Kiswahili hutaka kujua kwanza ameangukia wapi: majini chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu, sakafuni pu. Mpwa wangu alikuwa ameandika milio ya Kijapani kwa herufi za Kizungu. Akaifuta yote kwa alasiri moja.

Likabaki suala la upande. Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Wachapishaji wa Marekani zamani walikuwa wakizipindua picha kama kwenye kioo, hata mtu alaye kwa mkono wa kulia akaonekana ala kwa kushoto; mwaka 2002 kampuni ya Tokyopop ikashika kuzitoa kama zilivyo. Waarabu hawakuwa na taabu hiyo. Mwaka 2009 Qais Sedki wa Falme za Kiarabu alitoa "Siwar al-Dhahab", manga ya Kiarabu iliyochorwa na Wajapani, na mwaka 2010 ikapata Tuzo ya Vitabu ya Sheikh Zayed. Huko Saudia jarida la Manga Arabia lilianza mwaka 2021. Mwandiko wao na kurasa hizo hutembea njia moja.

Sisi tumekaa baina ya njia mbili. Babu wa binti huyu huandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu hadi leo, na daftari lake la safari hufunguliwa kwa kulia. Mjukuu huandika kwa herufi za skuli. Nilimshauri aanze kushoto, kwa kuwa maneno ya ndani ya viputo yanaanza kushoto, na jicho haliwezi kutumwa pande mbili. Amekubali, isipokuwa kurasa nne ambamo babu anasimulia mwenyewe: hizo maneno yake yatakuwa kwa mwandiko wake mzee, na visanduku vitakwenda kulia kwenda kushoto.

Juzi alikuwa ukurasa wa 16. Jahazi limekwama katikati ya bahari, upepo umekata, na anataka mlio wa tanga lililolegea. Sikuujua. Nimemwambia aende akamuulize babu yake kabla ya magharibi, maana baada ya isha mzee hulala.