Jicho Lenye Cheti na Jicho Lililochoka



Sisi wa reli tunajua maana ya kupimwa macho. Dereva asiyeweza kutofautisha taa nyekundu na ya kijani hapewi injini, hata awe mkongwe wa kazi. Leo nawaeleza habari za wenzetu wa Asia ambao nao hula kwa macho yao. Hao ni watu wa saitolojia, yaani wapimaji wa chembe za mwili kwa hadubini.

Mwanamke hupanguswa kidogo kwenye mlango wa kizazi, chembe zikapakwa juu ya kioo na kutiwa rangi kwa njia ya Daktari Papanicolaou. Mpimaji hupitia kioo chote, chembe maelfu kwa maelfu, akitafuta zile chache zinazoelekea kansa. Akiziona, daktari huangalia tena. Asipoziona, mara nyingi hakuna jicho la pili. Mama ameambiwa ni mzima, amekwenda zake nyumbani.

Je, nani amethibitisha kwamba mpimaji huyu anajua? Japani mtu hupata kwanza leseni ya serikali ya kazi ya maabara, ndipo afanye mtihani wa chama cha saitolojia. India chama chao kimetahini watu miaka mingi, lakini sheria ya taifa zima juu ya kazi za namna hii ilipitishwa mwaka 2021 tu. Uko pia mtihani wa Akademia ya Kimataifa ya Saitolojia, iliyoundwa 1957, na watu wengi wa Asia huufanya. Lakini cheti chake si leseni ya serikali.

Hapo panauma. Mimi nimepata kufundisha vijana kazi. Wao wakapewa karatasi na mshahara, mimi mwalimu wao sikuwa na karatasi. Kwa hiyo sidharau cheti. Serikali za Asia zikubaliane, mtu aliyefaulu nchi moja asianzishwe upya nchi ya pili.

Ila cheti hakipimi uchovu. Marekani, mwaka 1987, gazeti lilifichua wapimaji waliolipwa kwa hesabu ya vioo, wakivipitia mbiombio. Sheria ikaja mwaka 1988, na kanuni zake zikaweka kikomo: vioo 100 kwa saa 24, basi. Nchi yoyote ya Asia ambayo haijaandika kikomo chake na iandike, tena pamoja na kanuni za cheti, si mbali nazo.

Wengine watasema kazi hii inakufa, kwa kuwa tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendelea kipimo cha virusi vya HPV. Sikubali. Japani ilipokiingiza kipimo hicho mwaka 2024, wanawake waliokutwa na virusi bado walipelekwa kwenye hadubini. Vioo vitapungua, lakini vitakuwa vya wale walio hatarini zaidi.

Na ada ya mtihani je? Tajiri anayedai cheti ndiye ailipe, na siku ya mtihani ihesabiwe siku ya kazi.

Mfanyakazi wa Reli, Nairobi