Baraza ya Maalim: Mwenye Kumfunga Ndiye Mwenye Kumlisha



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Ijumaa, alinijia mama mmoja wa mtaani petu, uso umemkunjamana. Mwanawe, niliyemsomesha Juzuu Amma akiwa mdogo, yuko Istanbul katika nchi ya Uturuki, asoma chuo kikuu kwa ufadhili. Kijana alimwambia mamake kwa simu kwamba kila Jumamosi huenda na wenziwe katika banda la mbwa waliookotwa njiani, akafagia, akawalisha, akawatembeza. Hapana ujira. Mama akaniuliza: "Maalim, sala za mwanangu zasihi? Nimemwambia akija likizo asiingize nguo zile nyumbani mwangu. Tangu siku hiyo hanipigii."

Swali hili si la mama huyu peke yake, basi nimeona nilijibu hapa barazani.

Kwanza na tujue mbwa hao wamefikaje huko. Istanbul imeishi karne nyingi na mbwa wasio na mwenyewe. Mwaka 1910 wakubwa wa mji waliamua kuwaondoa. Wakapakiwa vyomboni makumi ya maelfu, wakatupwa katika kisiwa cha Sivriada, kisiwa cha mawe, wakafa kwa njaa na kiu. Mwaka 2004 ikatungwa sheria nyingine: mbwa wa njiani akamatwe, afungwe uzazi, achanjwe, kisha arudishwe alikotoka. Lakini mbwa walizidi, watu wakashambuliwa, hata pakawa na vifo. Mwaka 2024 Bunge likaibadili sheria hiyo: mabaraza ya miji yawakusanye mbwa na kuwaweka mabandani mpaka wapate wa kuwachukua. Serikali yenyewe ilikadiria mbwa wapatao milioni 4, na nafasi zilizokuwapo mabandani zilikuwa kama 105,000. Kila msomaji na afanye hesabu yake.

Wala si Uturuki tu. Italia ina sheria ya mwaka 1991 inayokataza kumuua mbwa aliye bandani, ila awe na maradhi mazito yasiyopona, au awe hatari iliyothibitika. Ni sheria ya huruma. Lakini asiyepata wa kumchukua aweza kukaa kifungoni mpaka siku ya kufa kwake.

Na ni nani asiyechukuliwa? Mwenye kuja kuchagua hutaka mtoto wa mbwa, mzima, mchangamfu. Hubaki mzee, kiwete, mwenye maradhi ya ngozi, na mwoga ajifichaye pembeni. Kisha kifungo chenyewe humharibu. Huzunguka mahali pamoja kutwa, hutafuna vyuma mpaka meno yakalika, hujiramba mguu mpaka pakawa kidonda. Au hunyamaza kabisa, akaelekea ukutani. Mtu akija kutazama, humpita akisema, "Huyu hafai." Hivyo kifungo huzaa kifungo.

Hapo ndipo ilipo kazi ya hawa wenye kujitolea. Nilimwomba mama ampigie simu mwanawe mbele yangu, naye kijana akatueleza. Kufagia na kulisha, alisema, ni sehemu nyepesi. Iliyo nzito ni kukaa. Alipewa mbwa mmoja mzee asiyekubali kuguswa. Kila Jumamosi huingia, akaketi chini, akampa mgongo, wala hamtazami machoni, kwani mbwa mwoga huona kutazamwa ni kutishwa. Humtupia kipande cha nyama, akangoja. Jumamosi ya sita mbwa alikuja akamnusa bega. Ya tisa akakubali kufungwa ukanda shingoni, akatoka nje hatua kumi, akasimama juani. "Maalim," akaniambia, "sijui alikuwa hajaona jua siku ngapi." Nikamtazama mama, alikuwa ameinamisha kichwa.

Sasa nijibu. Wengi wetu twakijua kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamghufiria. Lakini kipo kisa kingine alichotusimulia Mtume (s.a.w.), nacho chalihusu banda zaidi: cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachilia ajitafutie vya ardhini. Tazama vizuri lilipo kosa. Mnyama aliye huru riziki yake i mbele yake. Ukimfunga, umemkata na riziki hiyo, basi yakulazimu wewe. Mwenye kumfunga ndiye mwenye kumlisha. Na mji ukiwafunga mbwa kwa ajili ya usalama wa watoto wetu, deni hilo ni la mji mzima. Kijana wetu alilipa sehemu ya deni la wengi.

Wala hili si jambo jipya lililoletwa na watu wa siku hizi. Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 1262, alizihesabu haki za mnyama juu ya mwanadamu. Miongoni mwake: amlishe hata akizeeka au akiugua asiwe na faida tena, wala asimweke pamoja na wanyama watakaomdhuru. Wenye mabanda yaliyosongamana, ambamo mbwa huumizana kwa kugombea chakula, wana la kujibu.

Ama unajisi, hatuukanushi. Kwetu Mashafi mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa kwa majimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini kikavu kwa kikavu hakiambukizi, na kumgusa mbwa hakutengui udhu. Mahanafi, ambao ndio wengi wa Uturuki, kauli yao yenye nguvu ni kwamba najisi ni mate, si mwili. Na Wamaliki husema mbwa aliye hai ni tahiri. Kijana huvaa nguo na viatu vya kazi, hubadili, huosha, huswali. Mbwa hamweki chumbani mwake. Sala zake zasihi, inshallah. Najisi ni hukumu ya maji na udongo. Haikuwa hata siku moja ruhusa ya kutesa.

Hapa nikiri kosa letu walimu. Twawafundisha watoto kuosha mara saba, twasahau kuwafundisha huruma hata mara moja. Matokeo twayaona njiani kila jioni: mtoto ametoka chuoni, msahafu kifuani, jiwe mkononi. Jiwe halimlindi mtu na kichaa cha mbwa. Maradhi hayo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Kinachoyazuia ni kuwachanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100. Na aliyeumwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia.

Nanyi vijana, si lazima mfike Istanbul. Mbwa anayelinda shamba la babako, amefungwa mnyororo mchana kutwa, naye ni mfungwa wako. Je, chombo chake kina maji? Kivuli anacho? Siku ya kuchanja ikitangazwa, nani atampeleka?

Juzi nalipita nyumbani kwa yule mama. Nje ya mlango wa uani nikaona ndoo mpya, na kando yake kopo la udongo msafi lililofunikwa. Nikauliza ni vya nini. Akasema mwanawe anakuja likizo mwezi ujao, aoshe viatu vyake hapo, kisha aingie ndani ale.

Wassalaam.