‘Kula tu’ si tiba ya binti anayeogopa chakula

Hapa Chato mtu akikonda, watu hukisia kifua kikuu, Ukimwi, vidonda vya tumbo au kurogwa. Vipimo vikitoka safi, familia hushusha pumzi, binti huambiwa “kula tu” na mambo huishia hapo. Kwangu mimi, hapo ndipo matibabu yanapopaswa kuanza.

Yapo magonjwa ya akili yanayovuruga ulaji. Mwenye anoreksia hujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, hata akiwa amebaki mifupa. Mwenye bulimia hula kupita kiasi kwa siri, kisha hujitapisha au humeza dawa za kuharisha. Huyu wa pili anaweza kuwa na uzito wa kawaida, hivyo kumtazama kwa macho hakutoshi. Wavulana pia huugua.

Wengine husema haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 2007 jarida moja la kitabibu la Marekani lilichapisha utafiti wa wanawake zaidi ya 200 wa Tanzania, na wenye matatizo haya walikuwamo.

Tiba ipo, na wengi hupona. Ila kama chungu, hukaa juu ya mafiga matatu.

La kwanza ni mwili. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Omba apimwe uzito, urefu, presha, mapigo ya moyo na, kipimo kikiwapo, kiasi cha potasiamu kwenye damu. Kujitapisha mara kwa mara hushusha potasiamu, na moyo unaweza kusimama ghafla. Akizimia, mapigo yakiwa ya polepole mno, au akipitisha siku kadhaa bila kula, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usimshindilie chakula kingi kwa mkupuo. Mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla, madini ya damu huporomoka. Hospitalini chakula huongezwa kidogo kidogo.

La pili ni akili. Mweleze mhudumu bila kuficha: “Anaogopa kunenepa,” au “Anajitapisha.” Usiposema hivyo, mnaweza kurudi nyumbani na dawa za minyoo. Omba rufaa kwa daktari wa afya ya akili au mwanasaikolojia. Hospitali ya Rufaa ya Kanda tunayo hapa Chato. Bugando, Mwanza, kuna idara ya afya ya akili, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari hiyo haingoji tena kivuko. Tiba kuu ni mazungumzo ya kitaalamu yanayoendelea kwa miezi. Dawa iitwayo fluoksetini huwasaidia baadhi ya wenye bulimia. Nauli ikiwa mzigo, ombeni uzito na presha vifuatiliwe kituo cha jirani kati ya kliniki moja na nyingine. Mkishindwa gharama, muoneni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali.

La tatu ni nyumbani. Kwa vijana wenye anoreksia, njia iliyoanzia Hospitali ya Maudsley, London, huwakabidhi wazazi usukani wa chakula. Mzazi huamua kitakacholiwa na kiasi chake, akifuata maelekezo ya daktari, kisha hukaa na mtoto mpaka amalize, bila kufoka wala kumwaibisha. Haihitaji vyakula vya dukani: uji wa maziwa, ugali na sato, na michembe vinatosha. Baada ya kula, mshughulisheni kwa mazungumzo ili asikimbilie chooni kutapika. Mwalimu au matroni wa bweni naye ajulishwe.

Shangazi na majirani waombwe kuacha kusema, “Umenenepa!” Kwetu ni sifa njema, lakini mgonjwa huyu anaweza kuisikia na kususa chakula siku nzima.

Nanyi wahudumu wenzangu, kijana aliyekonda akija na vipimo safi, tusimruhusu aondoke kabla ya kumuuliza, faraghani na kwa upole, anakionaje chakula na mwili wake. Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti.

Wazazi, uzito ukirudi msikatishe kliniki. Mwili hutangulia kupona, hofu hubaki nyuma, na wengi hurudia ugonjwa katika kipindi hicho.