Ibada Yetu ya Siku ya Jumatatu



Kila mtu akaaye katika mitaa yetu ya mashariki ya Nairobi, kutoka Shauri Moyo na Kaloleni mpaka Bahati, Maringo, Jericho na Jerusalem, ajua jinsi siku ya Jumapili ilivyo. Watu huvaa nguo zao safi, ngoma na nyimbo zasikika kila upande, na makanisa yote hujaa, lile la mawe na lile la mabati. Kesho yake alfajiri ni watu wale wale waendao kazini, wengine kwa miguu kufuata Jogoo Road, wengine kwa matatu, wengine kwa treni ya Makadara. Swali letu ni hili: Je, imani ile ya jana yaja nasi kazini, ama tumeitundika ukutani pamoja na koti la kanisa mpaka Jumapili nyingine?

Twauliza hivi kwa sababu kuna maneno mawili yasemwayo sana katikati yetu, na sisi twayaona yote mawili kuwa na hatari.

Neno la kwanza lasema ya kuwa kazi ya Mungu ni ya padre, pasta na katekista, na kazi yetu sisi ni ya kutafuta unga tu. Neno la pili lasema ya kuwa mfanya kazi Mkristo hapaswi kudai kitu. Anyamaze, avumilie, thawabu yake iko mbinguni. La kwanza hutufanya wazembe. La pili hutufanya mabubu. Na mtu akiyashika yote mawili pamoja, hana faida kwa kanisa, wala kwa reli, wala kwa chama.

Tulitazame lile la kwanza. Bwana Yesu alijulikana kwao Nazareti kuwa seremala kabla hajajulikana kuwa mwalimu. Mtume Paulo alishona mahema huko Korintho pamoja na Akila na Prisila, wala hakuona haya. Na katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, twasoma habari za Bezaleli, ambaye Mungu alimjaza Roho wake, si ili ahubiri, bali ili afue dhahabu na shaba, achonge mawe, na kuchora miti. Huyu alikuwa fundi kama sisi. Ikiwa Roho wa Mungu aliweza kukaa katika mkono ulioshika patasi, hatuoni kitu cha kumzuia asikae katika mkono ulioshika spana.

Lakini ibada ya mtu wa reli ni ipi? Wengine hudhani ni kuomba kwa sauti kuu karakanani, ama kubandika picha ya msalaba kwenye sanduku la vyombo. Hayo si mabaya. Lakini mtu aombaye hata treni ikachelewa, amewaibia abiria wote wakati wao, wala Mungu hakumtuma. Sisi twasema ibada ya mfanya kazi ni jirani yake.

Na jirani yetu ni nani? Sisi watu wa Jerusalem na Jericho hatuna udhuru wa kutoijua habari hii, maana mitaa yetu ina majina ya miji ile ile itajwayo katika Luka sura ya 10. Mtu alikuwa akitelemka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, akapigwa na wanyang'anyi. Kuhani akapita, Mlawi akapita, watu wa hekalu wote wawili. Aliyesimama ni Msamaria, mtu wa safari, aliyekuwa na mafuta, na divai, na mnyama wa kupanda, na fedha kidogo. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili. Katika Mathayo sura ya 20 twaona ya kuwa dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku moja. Basi Msamaria alitoa mshahara wa siku mbili kwa mtu asiyemjua jina. Alimtumikia Mungu kwa vitu vya kazi na safari yake.

Jirani wa mtu wa reli ni namna hiyo hiyo. Ni mtu asiyemjua jina. Ni mama wa sokoni aliyelala kitini na vikapu vyake, akiamini ya kuwa kuna mtu aliyetazama breki, na mwingine aliyetazama mataruma, na mwingine aliye macho kwenye ishara. Yule mama hatuoni, nasi hatumwoni. Lakini ameweka uhai wake mikononi mwetu.

Twajua gharama yake. Tarehe 30 Januari 1993, treni ya abiria iliyotoka Nairobi usiku kwenda Mombasa ilifika kwenye daraja la mto Ngai Ndethya, ambalo lilikuwa limedhoofishwa na mafuriko. Daraja likavunjika, na watu zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, upande wa Dodoma katika Tanzania, treni ya abiria haikushika breki mlimani, ikarudi nyuma kwa kasi hata ikagongana na treni ya mizigo. Watu zaidi ya 280 wakafa. Hatutaji misiba hii ili tumhukumu mtu. Twaitaja ili kila mmoja wetu akumbuke ya kuwa kazi yetu si ya kutafuta unga tu. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu sisi, ufa usiozibwa hujenga makaburi.

Hapa ndugu mmoja atasema: "Kwa nini nijisumbue, na mwajiri hanilipi sawasawa?" Swali hili ni la haki, nasi hatulidharau. Wengi wetu twajua mwezi ulio mrefu kuliko mshahara, na karo ya shule isiyongoja. Lakini fikirini vizuri. Mtu akiacha boliti bila kukazwa kwa sababu ya hasira, ni nani atakayeumia? Bwana mkubwa yuko ofisini, gari lake liko nje. Atakayeanguka ni yule mama mwenye vikapu, ambaye pengine ni mke wa mwenzetu. Hasira ya mshahara ina mahali pake, napo ni mkutano wa chama na meza ya mashauri. Boliti si mahali pake.

Na tuseme pia juu ya mikono mirefu. Wako wachukuao mafuta, nyaya na vyuma vya reli wakaviuza kwa uzito, wakisema ya kuwa wanajilipa wenyewe. Katika miaka ya 1930 uamsho ulioanza Gahini katika Rwanda ulienea Uganda, ukafika na huku Kenya. Ndugu wa uamsho walijulikana kwa jambo moja lililowashangaza waajiri wengi: waliwarudishia vitu walivyokuwa wameiba, wakalipa na madeni ya zamani. Pengine wako waliowacheka. Lakini mtu wa namna hiyo akisema mbele ya mwajiri, "Mshahara huu hautoshi," ni nani atakayemjibu ya kuwa yeye ni mwizi? Mikono safi humpa mdomo nguvu.

Sasa twaja kwenye neno la pili, lile la kunyamaza. Wasemao hivyo tunawaomba wafungue kitabu cha Kutoka, sura ya 5. Musa na Haruni walikwenda kwa Farao kama wajumbe, wakaomba ruhusa ya safari ya siku tatu ili watu wakamtumikie Mungu wao. Farao akasema ni wavivu. Akaamuru wasipewe tena nyasi za kufanyia matofali, wakazitafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Wanyapara wao wakapigwa kwa sababu kazi haikutimia. Ni nani kati yetu asiyejua habari hii? Watu wapunguzwe, vyombo visiletwe, na hesabu ya kazi ibaki ile ile! Katika shauri lile Mungu hakuwa upande wa Farao.

Tena Torati, katika Kumbukumbu sura ya 24, yaagiza ya kuwa kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijatua. Na Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, awaonya matajiri ya kuwa mshahara waliowazuilia wavunaji unalia, na kilio chake kimemfikia Bwana. Basi aulizaye haki ya mshahara hajaiacha dini, ameishika.

Na historia ya vyama vya wafanya kazi yashuhudia hivyo. Mwaka 1834 wakulima sita wa kijiji cha Tolpuddle katika Uingereza, walioungana kwa ajili ya mishahara iliyokuwa ikipunguzwa, walihukumiwa kupelekwa Australia miaka saba. Kiongozi wao, George Loveless, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti. Watu walipaza sauti, na mwaka 1836 wakasamehewa. Mwaka 1891 Papa Leo wa 13 aliandika waraka juu ya hali ya wafanya kazi, akasema wana haki ya kupata mshahara wa kuwatosha na haki ya kuungana. Mwaka 1955 Papa Pius wa 12 aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Yosefu Mfanya Kazi. Na mwaka huo huo Tom Mboya, kijana aliyesoma katika shule za misheni ya Kikatoliki, alikwenda Mombasa wapagazi wa bandari walipogoma, akawasemea, hata shauri likaamuliwa na mishahara ikaongezwa.

Wala hatusemi ya kuwa haki ni mali ya Wakristo peke yao. Katika ukumbi wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, aliyezaliwa katika nyumba ya Masingasinga, alisimama mbele ya watu akadai uhuru wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa pamoja na Fred Kubai, na wafanya kazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh hakufunguliwa mpaka mwaka 1961. Tena reli yenyewe, iliyojengwa kutoka Mombasa mpaka ziwani kati ya 1896 na 1901, ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na kama 2,500 kati yao walikufa. Wengi walikuwa Waislamu, Masingasinga na Wahindu. Hata leo Wakenya wengi wasafiri juu ya jasho lao. Kwa hiyo mwenzetu Mwislamu wa Pumwani akiweka spana chini apate kuswali, tumshikie zamu. Huyo naye amekuja kazini na imani yake.

Basi tufanye nini? Sisi twaona mambo matatu.

La kwanza, tuanze zamu kwa sala fupi, kisha tufanye kazi kana kwamba mama yetu mzazi yumo katika behewa la mwisho. Na kijana ajifunzaye kazi tusimfiche ufundi. Fundi afichaye ujuzi ili yeye peke yake atafutwe, amefukia talanta ya mwenzake.

La pili, twende katika mkutano wa chama kama tuendavyo kanisani, tukilipa ada yetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya mshahara wa haki, ya kuwa katika chama, na ya kugoma. Mgomo ni dawa kali, hutolewa baada ya nyingine kushindwa. Lakini dawa iliyo kabatini si dhambi.

La tatu ni juu ya wale tuliowachagua. Mweka hazina wa chama ashikaye shilingi za wafagiaji na vibarua, ajue ya kuwa ameshika sadaka. Tukimwuliza Farao habari za matofali, na hesabu zetu wenyewe zimefichwa, hatutasikiwa duniani wala mbinguni.

Wenzetu, mikono na ifanye kazi sawasawa kwa ajili ya jirani, na mdomo udai haki sawasawa kwa ajili ya jirani huyo huyo, maana hata aliye kando yako karakanani ni jirani, na watoto wake wanangoja chakula. Mmoja akituambia tuchague, ama kazi njema ama madai, ama kanisa ama chama, tumjibu kwa upole ya kuwa sisi hatukufundishwa kugawa hivyo. Kisha turudi kazini, maana treni ya jioni yangoja kutazamwa breki.