Shamisen si Pambo

Anayedai kwamba bendi ya Kijapani ya Wagakki Band imezichafua ala za mababu kwa magitaa ya muziki wa metali katika wimbo wa Senbonzakura amesikiliza kwa macho. Shamisen ya Tsugaru, ala ya nyuzi wanayoipiga, haikulelewa ikulu. Ilikuzwa na vipofu walioipiga mlango kwa mlango kaskazini mwa Japani karne ya 19, wakicharaza nyuzi na ngozi kwa pigo moja, mpaka ala ya nyuzi ikanguruma kama ngoma. Ukali huo ndio unaotakiwa na metali! Tena shamisen yenyewe ina asili ya China, ikapitia visiwa vya Ryukyu. Usafi upi basi? Hata wimbo ni wa 2011, ulioimbwa kwanza na sauti ya kompyuta, Hatsune Miku. Nakubali lawama moja: koto, ala nyingine ya nyuzi ya Kijapani, wakati mwingine humezwa na gitaa. Hapo alaumiwe fundi mitambo.