Staa karudi kwenye vape ya kizamani, sawa! Ila mbona chupa haionyeshi?

Mjini kuna mtindo mpya na watu wanaupigia makofi bila kuuliza swali hata moja. Staa mmoja wa Bongo Fleva, yule ambaye kwa miaka kadhaa video zake hazikukamilika bila kutoa moshi kama daladala iliyochoka, kaweka picha kashika vape nyembamba ya kizamani. Ile ya kalamu, kitufe kimoja, haina kioo wala mataa. Maneno aliyoweka chini ya picha ni ya kistaarabu kabisa: eti kachoka na makubwa, sasa anarudi kwenye maisha mepesi. Ndani ya saa chache mioyo imemiminika. Wafuasi wanamwita mtu mzima, wengine wanasema ndo kukua huko.

Haya, kukua kwenyewe kuko wapi?

Kashika kitu kidogo badala ya kikubwa, basi. Hajasema kaacha nikotini. Hajasema kapunguza. Hajasema hata ndani ya hiyo kalamu kaweka nini. Lakini picha imepigwa kwa utulivu, shati jeupe, kikombe cha kahawa pembeni, na watu wakajaza yaliyobaki wenyewe. Mjini bwana, ukivaa nyeupe hata deni linaonekana akiba.

Vape zilianzia wapi mpaka zikafika huku

Kwa wasiofuatilia haya mambo, vape haikuanza na makorokoro. Mfamasia wa Kichina, Hon Lik, ndiye aliyesajili sigara ya kielektroniki mwaka 2003, na zile za mwanzo zilifanana na sigara yenyewe, hadi kitaa cha mbele kinachowaka ukivuta. Baadaye, kuelekea 2010, zikashika chati za kalamu: betri ndefu, tangi dogo la plastiki juu yake, na chaja unayoisokota kama balbu. Kisha mambo yakapanda. Yakaja maboksi ya betri mbili, wati za kupandisha na kushusha, watu wakawa wanasuka waya zao wenyewe kama mafundi redio. Mwaka 2015 Marekani wakaleta JUUL, ndogo kama flashi ya kompyuta, na baada ya hapo dunia ikafurika zile za kutupa zenye rangi za peremende.

Hapa Bongo shisha ilipopigwa marufuku mwaka 2016, na majirani wa Kenya wakafanya hivyo hivyo mwishoni mwa 2017, waliozoea moshi wa ladha ya tufaha na mnanaa hawakukosa pa kwenda. Vape inakaa mfukoni, haihitaji mkaa, haihitaji mhudumu wa kuja kupuliza. Mastaa wakaishika, kamera zikawafuata, na madogo wakazifuata kamera.

Kalamu ya zamani ina sifa zake, asikatae mtu

Haki isemwe kwanza. Ukiweka kalamu ya zamani mezani pembeni ya zile za kutupa, kalamu inashinda kwa mengi.

Tangi lake linaonyesha. Asubuhi umejaza, jioni unaona mwenyewe umekunywa kiasi gani. Ya kutupa imefungwa kila upande, imeandikwa tu kwamba ina mikupuo elfu kumi, na hakuna mtu duniani anayekaa kuhesabu mikupuo. Koili ya kalamu ikichoka unabadilisha koili, betri inabaki. Ya kutupa ukimaliza unaitupa na betri yake ya lithiamu, na betri hiyo inaishia kwenye jalala linalochomwa moto mtaani kwa watu. Waingereza wenyewe walipiga marufuku kuuza vape za kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025, na sababu walizotoa zilikuwa hizo hizo: takataka, na watoto.

Kubwa kuliko yote, kalamu inakuacha uchague ukali. Chupa za juisi zimeandikwa namba: 0, 3, 6, 12, 18 na kuendelea. Hizo ni miligramu za nikotini katika kila mililita moja. Mtu aliyetoka kwenye sigara anaweza kuanza juu, akashuka ngazi moja moja mpaka sifuri. Wataalamu wa afya wa Uingereza wanawaambia wavuta sigara kwamba vape ina madhara pungufu kuliko sigara na inaweza kuwasaidia kuacha, na hapo hapo wanaongeza kwamba asiyevuta asiiguse. Sehemu hiyo ya pili mjini huwa inapotea njiani.

Kwa hiyo kama staa angesema nimerudi kwenye kalamu kwa sababu nashuka ngazi, kila mtu angempa tano. Tatizo hajasema.

Moshi mdogo sio nikotini ndogo

Hapa ndipo watu wanapopigwa, na inabidi iende taratibu.

Boksi kubwa linachemsha juisi nyingi kwa mkupuo mmoja, ndo maana linatoa wingu la kufunika meza nzima. Kwa sababu moshi ni mwingi, wenye maboksi wengi huweka juisi nyepesi, miligramu 3 au 6. Wakiweka kali zaidi ya hapo koo linawaka na kichwa kinazunguka. Kalamu ni kinyume. Moto wake mdogo, moshi wake kidogo, sasa ili mvutaji aridhike anaweka juisi kali zaidi. Na siku hizi kuna ile inayoitwa chumvi ya nikotini, yaani nikotini iliyochanganywa na asidi ili isikwaruze koo. Inateleza kama maji. Unavuta kali bila kujua ni kali.

Namba hazina shobo na mtu, piga hesabu. Tangi la mililita 2 lenye juisi ya 3 lina miligramu 6 za nikotini. Tangi hilo hilo ukiweka juisi ya 20, ambayo ndo mwisho unaoruhusiwa nchi za Umoja wa Ulaya, lina miligramu 40. Ukiweka ile iliyoandikwa asilimia 5, yaani karibu 50 kwa mililita, umefika 100. Tangi moja, ukubwa ule ule, kalamu ile ile ya kistaarabu.

Maana yake inawezekana kabisa mtu akatoka kwenye boksi la mawingu akiwa anavuta 3, akahamia kwenye kalamu ya "maisha mepesi" akiwa anavuta 50, na mashabiki wakampongeza kwa kupunguza. Kilichopungua ni moshi wa kuonekana kwenye kamera. Huyu staa yuko kwenye 3, kwenye 20 au kwenye 50? Hakuna anayejua, na yeye ndo mwenye chupa.

Halafu kuna kujaza mwenyewe. Tangi linalojazwa halichagui, linapokea chochote kilichomo kwenye chupa, na chupa isiyo na lebo nayo ni chupa. Mwaka 2019 Marekani watu walianza kulazwa mapafu yakiwa yamegoma ghafla. Mpaka Februari 2020 waliolazwa walikuwa wamepita 2,800 na waliokufa walikuwa 68. Wachunguzi walipofuatilia wakakuta wengi walivuta mizigo ya bangi ya mtaani iliyozimuliwa kwa mafuta ya vitamini E. Kifaa hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kilichomiminwa ndani. Sasa mtu mwenye wafuasi lukuki akihubiri watu warudi kwenye vape ya kujaza bila kugusa habari ya chupa, kaacha nusu ya mahubiri, na kaacha ile nusu inayoua.

Komenti moja iliyopita kimya kimya

Kati ya komenti zote chini ya ile picha, moja ilitosha kumzuia mtu yeyote mwenye akili timamu. Binti mmoja, kwa picha yake tu unaona sare ya shule haijapata hata mwaka tangu avuliwe, kaandika kwamba yeye hajawahi kuvuta kitu maishani, lakini hii imekaa kistaarabu, bei gani?

Hajawahi kuvuta! Hana sigara ya kuacha, hana boksi la kulitoka, hana ngazi ya kushuka. Yeye anataka kupanda. Na kilichomvutia ni ule wepesi. Boksi kubwa lilikuwa linamtisha, lilionekana la wahuni. Kalamu inaonekana kama kalamu, hata mama akiiona kwenye pochi anaweza asiulize.

Staa kajibu nini? Moyo mwekundu, na jina la duka.

Ndiyo, duka. Ukirudi kwenye picha ukaangalia kona ya chini, duka limetegwa kwa maandishi madogo ya rangi inayofanana na ukuta. Sasa hadithi ya kuchoka na makubwa inaanza kueleweka. Maboksi hayauziki tena, yamepitwa. Za kutupa zinaandamwa kila nchi. Muuzaji anahitaji neno jipya la kuuzia, na neno lenyewe ni "zamani". Mjini zamani inauza. Watu wananunua kamera za zamani, jezi za zamani, viatu vya zamani, wanajisikia wana roho kuliko wenzao. Vape nayo imevalishwa shati hilo hilo.

Na sio yeye peke yake. Dada mmoja maarufu wa mitandaoni, aliyekuwa anabadilisha vape za kutupa zifanane na rangi ya kucha, naye ghafla kaonekana na kalamu, maneno yale yale ya wepesi, duka lile lile. Watu wawili wasiosalimiana hata misibani leo wamepata ufunuo mmoja wiki moja?

"Muacheni aishi maisha yake"

Watetezi wako tayari, povu limeshachemka. Wanasema staa ni mtu mzima, hajamlazimisha mtu, maisha ni yake.

Sawa. Angevuta sebuleni kwake maisha yangekuwa yake. Akiivuta mbele ya kamera, akaipamba, akaitega duka na kumjibu binti kwa moyo na jina la muuzaji, hiyo ni kazi kama kazi nyingine, na kazi inaulizwa maswali. Muuza mihogo tu barabarani anaulizwa mafuta yake ya lini. Yeye ni nani asiulizwe chupa?

Wengine wanasema bora kalamu kuliko sigara. Kwa mvuta sigara, sawa. Binti yule havuti sigara. Kwake yeye, bora kitu gani kuliko kitu gani?

Kuna aliyerudi kweli, na hamkumsikia

Wanaozunguka viwanja vya usiku wanamjua DJ mmoja, mtu wa siku nyingi, sigara pakiti nzima kwa usiku mmoja na boksi la vape juu yake. Huyu naye alirudi kwenye kalamu ya kizamani. Hakupiga picha. Washkaji zake wanasema alianza na chupa ya 18, akakaa nayo miezi, akashuka 12, akashuka 6, akakwama pale muda mrefu mpaka akawa anajitukana mwenyewe. Akafika 3. Halafu akawa anajaza ya sifuri, anavuta tu kwa sababu mkono umezoea kushika kitu akiwa kwenye mashine. Siku moja kalamu ikaanguka nyuma ya spika, na hakuinama kuitafuta.

Walioiona hiyo safari wanasema kila chupa mpya alikuwa anamuonyesha mke wake namba kabla ya kuifungua, kwa sababu alijijua atadanganya. Kurudi nyuma kwenye maana ndo huko. Kifaa kile kile alichoshika staa, ila huyu alikubali namba ionekane na mtu anayemuogopa.

Ndo maana swali kwa staa ni dogo sana, wala halihitaji ugomvi. Umepiga picha ya kalamu, umepiga picha ya kahawa, umepiga picha ya shati. Geuza chupa, piga picha ya lebo. Kama imeandikwa 3 na mwezi ujao itaandikwa 0, mji mzima utakushangilia na waliokusema watameza maneno yao. Kama imeandikwa 50, au haijaandikwa kitu, basi futa lile neno "mepesi", na ukishalifuta rudi kwa yule binti umjibu upya. Mwambie kama hajawahi kuvuta, bei sio shida yake. Bado anasubiri pale chini, na jina la duka analo tayari.

Wadau mnasemaje, staa aonyeshe chupa au aachwe na kahawa yake? Dondosheni komenti hapo chini, matusi hapana.